Fundi wa Maji Moto: Boila ya Karen si ya Birmingham

SWALI: Habari ya kazi, Fundi. Tunaishi Karen, kwenye nyumba ya mawe ya zamani. Maji yetu hupashwa na boila ya gesi iliyo katika kibanda nyuma ya jikoni. Inahudumia tangi la lita 300 na redieta tatu, maana baridi ya Julai huku unaijua. Gesi yenyewe ni ya mitungi ya kilo 50. Kaka yangu mkubwa anaishi Birmingham, na mwezi wa Mei tulipoongea kwa simu aliniambia ninachoma pesa bure. Yeye boila yake ameishusha hadi nyuzi 50 na bili imepungua. Nami nikashusha yangu kutoka 75 hadi 45. Gesi imepungua kidogo, sikatai. Lakini sasa chini ya boila kuna kidimbwi cha maji ya rangi ya chai ya rangi, na dari imeingia doa pale dohani inapopenya. Fundi aliyekuja anasema imetoboka ndani, nitafute nyingine. Nimekutumia picha nne. Je, kweli imetoboka? Na kaka alinipotosha?
*Mwenye nyumba, Karen*

JIBU: Bwana, kabla hatujafika kwa kaka, nenda ukaizime hiyo boila na ufunge koki ya mtungi. Si kesho. Picha yako ya nne, uliyoipiga kutoka chini ukielekeza simu ndani ya mdomo wa dohani, inaonyesha magamba ya kutu yenye ukubwa wa ukucha, mengine yamelaliana. Yakizidi kuanguka yataziba njia ya moshi, na moshi ukikosa pa kutokea utarudi kibandani. Kutoka kibandani hadi jikoni kwako ni mlango mmoja. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na humkuta mtu amelala. Ogeni kwa maji ya sufuria kwa siku chache mpaka fundi wa gesi aifungue dohani, aisugue na kupima kama inavuta. Mambo ya nyuzi yanaweza kungoja.

Sasa swali lako. Kaka hakukupotosha. Alikueleza habari za boila yake, nawe ukazitekeleza kwenye boila yako, na hizi mbili zinafanana kwa jina tu.

Tuanze na hicho kidimbwi. Gesi ya mtungi, iwe propani au butani, ina haidrojeni nyingi, na haidrojeni ikiungua huwa maji. Kilo moja ya gesi hutoa zaidi kidogo ya kilo moja na nusu ya maji. Mtungi wa kawaida wa kilo 13, ule wa jikoni, ukiisha umetoa jerikeni nzima ya lita 20. Huo wako wa kilo 50 unatoa karibu jerikeni nne. Watu wengi hawaamini nikiwaambia, kwa sababu hawajawahi kuyaona. Yanatoka kama mvuke, yanapanda dohani pamoja na moshi na kupotelea angani. Ndivyo inavyotakiwa kwa boila kama yako.

Shida huanza mvuke huo unapogusa chuma kisichokuwa na moto wa kutosha. Hapo hugeuka maji palepale, kama unavyoona chini ya mfuniko wa sufuria ya wali. Kwa moshi wa gesi, umande huanza mahali fulani kati ya nyuzi 45 na 55, kutegemea aina ya gesi na hewa iliyochanganyika nayo. Na chuma cha ndani ya boila hakipati baridi yake kutoka hewani. Kinaipata kutoka kwa maji yanayorudi. Maji yanatoka kwenye boila yakiwa ya moto, yanazunguka kwenye redieta na kwenye koili ya tangi, yaani bomba lililojikunja ndani yake, yanaacha joto huko, kisha yanarudi yamepoa. Ukiweka kidude cha kuchagulia nyuzi kwenye 45, yanarudi na 35 au chini ya hapo. Tangu Mei boila yako imekuwa ikioga umande kila inapowaka.

Tena maji hayo si maji safi. Yameyeyusha hewa ya ukaa na gesi nyingine za moshi, kwa hiyo yana asidi. Chuma cha kawaida hakiyawezi. Rangi ya chai unayoiona ni kutu iliyoyeyuka, yaani boila yako yenyewe ikitoka kidogo kidogo. Hiyo dari nayo inanyeshewa na dohani: umande umeganda juu kwenye bati baridi, ukateremka, ukapata kiungo kilicholegea.

Je, imetoboka? Mimi sijui, na fundi aliyekuja pia hajui, kwa sababu katika picha zako zote skrubu za mfuniko wa mbele bado zina rangi ya kiwandani. Hakuna bisibisi iliyowahi kuzigusa. Mtu aliyetoboa boila yako kwa mdomo bila kuifungua usimlipe zaidi ya nauli. Kuna njia ya kujua bila kubuni. Boila ikiwa imezimwa, iache ipoe kabisa, maana presha hushuka yenyewe maji yanapopoa na itakudanganya. Ikishapoa, funga koki inayojaza maji, kausha sakafu kwa tambara, na utie alama ya kalamu pale mshale wa presha uliposimama. Tandaza gazeti chini. Asubuhi angalia. Gazeti likiwa kavu na mshale upo palepale, basi maji ya ndani hayavuji, na kidimbwi kilikuwa umande tu. Gazeti likilowa bila moto kuwaka, hapo fundi wako atakuwa amebahatisha.

Turudi Birmingham. Uingereza na Wales ziliamua tangu mwaka 2005 kwamba boila mpya za gesi majumbani, isipokuwa pale pasipowezekana, ziwe za aina inayokusudia umande utokee ndani. Mvuke unapogeuka maji huachia joto lililokuwa limejificha ndani yake, na kwa gesi asilia inayotumika kule joto hilo ni karibu sehemu moja katika kumi ya joto lote. Boila ya zamani hulitupa nje pamoja na moshi. Ya kaka hulirudisha kwenye maji, na ili ifanye hivyo ni lazima maji yanayorudi yawe chini ya nyuzi 55. Kadiri yanavyokuwa baridi ndivyo anavyovuna zaidi. Ndiyo maana anashusha na bili inashuka. Lakini boila hiyo imetengenezwa kwa chuma cha pua au aluminiamu ili istahimili asidi, na ina kibomba cha plastiki kinachopeleka umande kwenye mtaro wa maji machafu. Muulize atazame, hukosi kusikia kipo. Kule wakati wa barafu kibomba hicho huganda na boila ikagoma kuwaka, kwa hiyo huenda anakifahamu kuliko anavyotaka.

Yako haina kibomba hicho. Dohani yake ni ya bati. Kwenye kibati cha ubavuni, picha ya pili, kiwanda kimeandika kiwango cha chini cha maji yanayorudi, na maandishi yanasomeka ukikuza picha: 55.

Basi dohani ikishasafishwa na fundi akaridhika na moto, rudisha kidude kwenye 70 au 75. Hata hivyo namba ya kidude si ile ninayoijali mimi. Nunua kipimajoto cha kufunga kwenye bomba, kile cha mviringo chenye springi, kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya mabomba. Kifunge kwenye bomba linalorudi, karibu kabisa na boila. Washa, subiri robo saa, soma. Ninapenda kuona 60. Ikishindikana, 55 isishuke. Dakika chache za kwanza asubuhi itasoma kidogo sana na umande utatokea. Usiwe na wasiwasi, boila yoyote hupitia hapo na hujikausha ikipata moto. Kinachoua boila ni kukaa hapo siku nzima.

Ukikuta kidude kinasema 70 na bomba la kurudi linasema 45, dawa si kupandisha hadi 90. Angalia pampu kwanza, huenda iko kwenye mwendo wa chini na maji yanakawia huko kwenye redieta mpaka yanapoa. Ikiwa pampu ni nzima, mwambie fundi akufungie valvu ya njia tatu yenye themostati, inayochanganya maji ya moto kidogo kwenye yale yanayorudi kabla hayajaingia. Kwa boila ya chuma ya umri huo ningeifunga hata bila kuulizwa.

Jambo la watoto sasa, maana najua mtu atauliza. Nyuzi 70 ni za boila, si za bafu. Tangi la lita 300 lina themostati yake, iweke 60. Na mahali maji yanapotoka kwenye tangi kuelekea bafuni pafungwe valvu ya kuchanganyia, irekebishwe kwenye 48 hivi. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu, na ya mtoto haraka zaidi.

Pesa ambayo ulitaka kuokoa ipo, ila haiko kwenye kidude. Picha ya kwanza inaonyesha mabomba mawili ya shaba yakivuka uani kutoka kibandani hadi ukutani, uchi kabisa. Usiku wa Julai mabomba hayo yanapasha bustani. Yavalishe sponji nene la mabomba, na juu yake kitu cha kuzuia jua na mvua. Redieta ya chumba kisicholaliwa ifungwe kwenye koki yake, badala ya kupoza boila nzima. Boila iwe na saa ya kuizima usiku. Na kichomeo kisafishwe kila mwaka kabla ya baridi kuanza, si baada ya moto kuwa wa njano.

Ukigundua imetoboka kweli, usikimbilie kununua kama ya kaka kwa sababu ya hadithi ya bili yake. Yeye anapasha nyumba miezi mingi ya mwaka, wewe redieta unaziwasha wiki chache. Kwa jua la Nairobi mimi ningepeleka tangi kwenye sola na kununua boila ndogo tu ya msimu wa baridi.

SWALI: Fundi, hita yetu ni ya stima, lita 80, na tokeni zinaisha kama maji. Mume wangu anasema tuishushe hadi 45 kwa sababu hakuna anayeoga kwa maji ya nyuzi 60. Mimi nasikia ni hatari lakini sijui kueleza. Tuamulie.
*Mpangaji, Kileleshwa*

JIBU: Dada, umeshinda, lakini mume wako ana hoja na ni vizuri ajibiwe kwa hesabu.

Tuseme maji yanaingia yakiwa na nyuzi 18. Kuyafikisha 60 ni karibu yuniti 4 za stima kwa tangi zima. Kuyafikisha 45 ni yuniti 2 na nusu. Akiishia hapo, amekushinda. Lakini hakuna anayeoga na tangi, mtu huoga na maji yaliyochanganywa. Mkioga kwa nyuzi 40, tangi la 60 likichanganywa na baridi linatoa lita 150 hivi za kuoga. La 45 halifiki 100. Kila lita ya kuoga imegharimu stima ileile. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa mwisho kwenye foleni anapata baridi, na nina hakika si baba mwenye nyumba.

Kinachopotea kweli ni joto linalotoroka kupitia ukuta wa tangi likikaa limewaka mchana kutwa. Hilo linazuiwa kwenye swichi. Ikiwa hita yenu ina elementi ya kilowati 3, kutoka baridi hadi 60 ni kama saa moja na theluthi. Iwashe muda huo kabla ya kuoga, kisha izime.

Hatari uliyoisikia ni bakteria ya lejionela. Ilipata jina baada ya mkutano wa American Legion, chama cha maveterani wa Marekani, mjini Philadelphia mwaka 1976, ambapo wengi waliugua nimonia na baadhi wakafariki. Hustawi kwenye maji ya kati ya nyuzi 20 na 45, na mtu huipata kwa kuvuta matone madogo, kama yale ya shawa. Kwa nyuzi 60 hufa. Tangi lililowekwa 45 huwa chini ya hapo sehemu ya chini, yaani umewatengenezea makao. Kwa hiyo 60, na lifike 60 kila linapowashwa, si kuzimwa katikati.

Na ile maji ya rangi ya chai ya bwana wa Karen haiwahusu ninyi. Hita ya stima haina moshi. Ikivuja, imevuja.

Kirekebishi cha nyuzi mara nyingi kiko ndani ya mfuniko wa plastiki wa chini, kando ya nyaya zenye stima. Zimeni swichi kuu kwanza, au mpeni fundi wa stima. Dakika tano zake si ghali.

SWALI: Hujambo Fundi. Nina boila ya kuni, hii watu huita kuni busta, imefungwa mwaka jana nyuma ya nyumba. Kila asubuhi nikiwasha inavuja maji meusi kutoka mahali pa kuwekea kuni, mpaka moto unataka kuzimika. Baada ya saa moja inaacha yenyewe. Jioni haivuji. Aliyeiuza anasema niilete aichomelee. Kuibeba ni lori.
*Mama wa kuni, Dagoretti*

JIBU: Mama, usikodi lori. Tundu halijui asubuhi na jioni. Kinachoacha chenyewe boila ikishapata moto ni jasho.

Ni habari ileile ya Karen, isipokuwa kuni zina visa vyake zaidi. Usiku maji ndani yamepoa, asubuhi unawasha, moshi unagusa chuma baridi na kutoa umande. Umande huo unashika masizi na kuwa maji meusi yenye harufu ya nyama choma iliyoungua. Kuni yoyote hutoa mvuke ikiungua, hata ikiwa kavu. Lakini kuni iliyokatwa juzi, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na hayo yote yanakwenda kwenye chuma chako. Nakisia unanunua mikaratusi kwa mzigo na kuichoma wiki hiyohiyo. Ipasuliwe, ipangwe chini ya bati mahali upepo unapita, ikae miezi sita au zaidi. Ukigonga vipande viwili vilie kwa sauti kali, visitoe mlio mzito.

Kuna kitu kingine. Watu wengi hufanya moto mdogo wa kufuka ili kuni zidumu. Moto wa namna hiyo ndio unaojaza dohani kitu cheusi cha kunata, ambacho siku moja huwaka kwa vishindo juu ya paa. Asubuhi anza na vijiti vikavu vyembamba, moto mkali, mlango wa hewa wazi, mpaka boila ipate joto. Kuni nene ziingie baadaye. Na jioni msimalize maji yote ya moto. Mkiacha tangi lina vuguvugu, asubuhi jasho linakuwa la dakika chache.

Dohani ifagiliwe kila baada ya miezi mitatu kama unawasha kila siku. Vipande vya mbao za seremala vilivyopakwa dawa au rangi usivichome humo, moshi wake hula chuma kuliko wa kuni.

Kwenye picha yako nimeona pia kwamba ule mrija unaopanda kutoka kichwani mwa boila hadi juu ya paa umefungwa koki. Iondolewe leo. Nairobi tuko juu, maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, na boila ya kuni haina kidude cha kuuambia moto utulie. Mrija huo ndiyo njia pekee ya mvuke kutoka. Ukiona maji yanarukia paa, acha kuongeza kuni, kisha fungua bomba la maji moto bafuni yatiririke mpaka yale baridi yaingie. Shimo la mrija libaki wazi.